Moshi wa Mkono Wako

Duara la moto lilizunguka kichochoroni nyuma ya nyumba, jekundu, kamilifu, lisilo na mwanzo wala mwisho. Kando yake alisimama Nosrat, shungi amelifunga nyuma ya shingo lisije likadakwa na cheche. Mkono wake wa kuume ulikwenda kwa mwendo mmoja, kama mkono wa mtu aliyezoea kuteka maji kisimani: hauharakishi, haulegei. Mkononi alishika mnyororo, ncha ya mnyororo ikabeba kikapu kidogo cha waya, na ndani ya kikapu makaa ya mwaloni yalivuma kwa upepo wa kuzungushwa. Ule moshi mchache uliosalia ulikwenda zake juu ya kuta za udongo, kuelekea mashamba ya mizabibu. Uani haukuingia hata uzi mmoja.

"We Bi Nosrat!" aliita Bi Turan, jirani yake, aliyeketi kwenye kizingiti cha mlango wake na bakuli la lozi mbichi mapajani. "Unamfukuza shetani, au unampungia aje kula?"

"Akija ataosha vyombo."

"Basi akimaliza kwako mlete na kwangu. Huyu wangu miaka yote hii hajui hata sahani zinakaa wapi."

Nosrat alicheka bila kuusimamisha mkono. Ilikuwa siku ya Kumi na Tatu ya mwaka mpya uanzao na masika, siku ambayo mtu wa Borujerd hakai chini ya dari lake hata kama ana homa, kwa kuwa anayebaki ndani ameialika nuhusi ibaki naye. Mji mzima ulikuwa umemiminika kwenye malisho na kando ya mito, na kila familia imebeba makaa na nyama yake. Tangu asubuhi utando wa buluu ulikuwa umetanda juu ya mabonde, na watu waliunusa wakasema, naam, masika yamefika. Nosrat aliuchukia utando ule kama mtu anavyomchukia mgeni aliyewahi kumwibia.

Kazi yake aliijua kwa utaratibu usiobadilika. Makaa aliyachambua mojamoja kama mchele. Yale yaliyoiva nusu, ambayo ukiyavunja unaona kahawia ya ubao moyoni, aliyatupa, maana hayo si makaa, ni kuni zilizovaa nguo nyeusi. Yaliyobaki aliyaanika juu ya dari hadi yakigongana yalie kama vigae. Mafuta ya taa hakuyagusa, wala karatasi. Vipande vichache vilishika moto kwenye jiko la gesi, vikaingizwa kikapuni pamoja na vingine, kisha mkono ukafanya yaliyosalia. Hakuyaingiza uani mpaka yamevaa majivu meupe kama mvi. Hata nyama aliipunguza mafuta yote kabla ya kuitunga kwenye vijiti, kwa sababu tone la mafuta likidondokea kaa ni moshi uliochelewa tu.

Kikapu kile kilisukwa na Esfandiyar, mumewe, ambaye alikuwa mfua samawari za kuchemshia chai na mwenye vidole vya kumfanya mtu aione shaba kuwa udongo. Alikisuka masika ya kwanza baada ya kurudi kutoka mpakani. Mwaka wa mwisho wa vita, gesi iliyonukia kama kitunguu saumu iliteremka bondeni walikokuwa wamelala, ikaingia kifuani mwake na haikutoka tena. Tangu hapo kitunguu saumu hakikuingia nyumbani mwao. Tangu hapo pia moshi, hata ule wa samawari alizozifua mwenyewe, ulimwangusha kama gogo. Ndiyo maana ndugu walikuja kula Kumi na Tatu uani kwao, badala ya wao kwenda malishoni. Lakini ndugu, jinsi walivyo, walikuwa wamekwisha kuusahau mwanzo wa desturi hiyo. "Bi Nosrat ni mvivu wa kubeba masufuria," walitania. Naye aliitikia kwa kicheko, akaongeza chai.

*

Kiyumars, mdogo wake Esfandiyar, aliwasili kutoka Tehran na mkewe Mahin kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kujaza uwanja na moyo mwepesi wa kutoa. Alishusha garini jiko jipya la kuchomea, refu kama jeneza la mtoto, miguu yake ikimetameta. Akashusha gunia la makaa yaliyoshindiliwa ya dukani, na chupa ya ute wa samawati wa kuwashia moto. Mahin alifuata na beseni la nyama iliyochovywa vitunguu na zafarani, na juu yake vipande vya mafuta ya mkia wa kondoo, vyeupe, vinono.

"Shemeji!" Kiyumars alipaza sauti. "Leo usiguse kitu. Kila mwaka unatulisha nyama kavu kama soli, sisi tunasema asante. Leo moto ni wangu."

Nosrat alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, kikapu chake kikining'inia mkononi, makaa yake yakianza tu kuvaa mvi.

"Hasha, Kiyumars! Mgeni ashike makaa, mimi nikae? Njoo ukae, chai iko tayari."

"Mgeni nani? Mimi si mtoto wa nyumba hii?"

"Nakwambia kweli, usijisumbue. Yangu yamekaribia kuiva."

"Sumbuko gani, niwe kafara yako! Mkono wako umechoka, naona mwenyewe."

"Kwa jina la Mungu, niachie niwashe mimi."

"Kwa roho ya marehemu baba," Kiyumars akasema, mkono kifuani, "sikubali."

Hapo ulimi wa Nosrat ulifika ukingoni. Katika mji ule mtu hukataa mara moja kwa heshima, mara ya pili kwa uungwana, na mara ya tatu ili aliyempa apate furaha ya kumshinda. Kukataa mara ya nne, baada ya mtu kuapa kwa baba yake aliye kaburini, ni kumpiga kofi mbele ya mkewe. Tena alikataaje? Maneno yote ya kukataa yalikuwa yamekwisha kutumika kwa kukubali. Alijipekua moyoni akitafuta neno moja ambalo halijapakwa asali, asilipate.

Lilikuwapo moja, kwa kweli. Angeweza kusema: *Moshi utamuua kaka yako.* Lakini Esfandiyar alikuwa ametokea kwenye ngazi za ukumbi. Alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe asubuhi, ndevu amezichonga, na ule mrija mwembamba wa hewa alioshinda nao puani usiku na mchana alikuwa ameuvua na kuuacha ndani, kama alivyofanya kila ndugu walipokuja. Alimtazama mkewe juu ya bega la mdogo wake. Macho yake hayakuomba, yaliamuru.

"Kaka," Kiyumars alimgeukia, "moshi hautakusumbua?"

Swali lilikuwa limeulizwa. Namna yoyote lilivyoulizwa, lilikuwa limeulizwa. Neno moja tu la kweli, na mambo yangerudi mahali pake.

Esfandiyar aliweka mkono juu ya moyo, akainamisha kichwa kidogo.

"Moshi wa mkono wako, ndugu yangu, ni udi."

"Ah!" Mahin alipiga kofi kwa furaha. "Umesikia jibu hilo? Mwanamume wangu mimi hata akiletewa udi wenyewe anauliza nini kinaungua."

Wakacheka. Nosrat alikitundika kikapu kwenye msumari wake ukutani, makaa yakiwa bado ndani. Yalipoa polepole, moja baada ya jingine, yakifumba macho.

*

Palikuwa na jambo jingine kati ya ndugu wawili hawa, na halikuwa na jina. Kiyumars alipofikia umri wa kuitwa jeshini, Esfandiyar alikuwa amekwisha kutumikia zamu yake na kurudi mzima. Baba yao akasema mwana mmoja mpakani anatosha, mwingine na ashike kalamu. Mzee akapita kwa aliowajua, na Esfandiyar akarudi mpakani kwa hiari ili mlango wa mdogo wake usibishwe. Ilikuwa katika zamu ile ya pili ndipo bonde liliponukia kitunguu saumu. Kiyumars alisoma, akafungua duka la vigae, akanawiri. Kila mwaka mpya alileta zawadi kubwa kuliko za mwaka uliopita. Hakuna aliyewahi kumwambia neno, naye hakuwahi kuuliza. Adabu ya familia ile ilikuwa kama zulia zuri la urithi: kila mtu alilisifu, na kila mtu alifagia uchafu wake chini yake.

Moto wa Kiyumars uliwaka kwa kishindo. Ule ute wa samawati ulishika kwa ulimi mrefu, ukafa, na mahali pake ukainuka moshi mzito wenye rangi ya maziwa yaliyoharibika. Makaa yalikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa, tena yenye unyevu. Kiyumars aliyapepea kwa kifuniko cha beseni, akiimba. Mafuta ya mkia yalipowekwa juu yake yalianza kulia machozi, na kila chozi lilifuka wingu lake. Ua ulikuwa na kuta pande zote nne, upepo umelala. Moshi ulijaa taratibu kama maji yajazavyo kidimbwi cha vigae kilichokuwa katikati ya ua.

Esfandiyar aliketi kwenye kitanda cha mbao chini ya mti wa forsadi, mahali pa mwenye nyumba. Kuhama kungekuwa kumwambia mdogo wake kwamba ukarimu wake unanuka. Hakuhama.

"Kaka, ya kwanza ni yako," Kiyumars alisema, akamwekea mshikaki juu ya mkate. "Onja uniambie kama hii nyama au la."

"Mkono wako usiumwe," Esfandiyar alisema. Akala. "Hii ni nyama. Nyingine tulizokula miaka yote... tulikuwa tukitimiza nadhiri."

Kicheko kikapasuka. Hata Nosrat alitabasamu, jinsi mtu atabasamuvyo mguu ukikanyagwa msibani. Alikuwa ameketi upande wa pili wa kitambaa cha chakula, bila kula. Alihesabu kwa macho: mshipa wa shingo, ukucha wa kidole gumba, mabega yaliyoanza kupanda na kushuka chini ya shati jeupe. Mara mbili aliinuka kana kwamba ameitwa jikoni, na mara mbili macho ya mumewe yakamketisha tena.

"Hebu mpeni kaka nafasi, atupe kisa," Kiyumars alisema. "Kama zamani. Kile cha mtu na jirani yake."

Esfandiyar alifuta mdomo. "Alikuwapo mtu," alianza, sauti yake nyembamba, "aliyekutana na jirani yake njiani... akamwambia kwa adabu tu, kama sisi sote tusemavyo... karibu nyumbani, ulale. Mara jioni jirani huyo... jirani..."

Akanyamaza.

Wakasubiri. Kwa kuwa alikuwa msimuliaji hodari, aliyejua kumning'iniza msikilizaji kwenye uzi, walidhani kimya kile ni ufundi. Mahin alikwisha kuanza kucheka. "Godoro!" Kiyumars alidakia, akijipiga paja. "Jirani akaja na godoro! Sema, kaka, sema!" Wakacheka wote wawili hadi machozi, wakimtazama mtu aliyekuwa amefungua kinywa mbele yao, mkono umeshika kitambaa cha chakula, midomo ikigeuka rangi ya zambarau.

Nosrat alikuwa amefika kwake kabla kicheko hakijaisha.

*

Walimburura hadi ndani. Nosrat alimrudishia mrija puani, akafungua mtungi hadi mwisho, akatandaza taulo zilizoloweshwa chini ya mlango na kwenye nyufa za madirisha. Kisha akapiga magoti, akamshika mumewe mgongoni, akamsikiliza akipigania kila tonge la hewa kama mtu anayevuta kamba yenye ndoo nzito kutoka kisima kirefu. Nje, kupitia kioo, alimsikia Mahin akisema kwa sauti ya chini kwamba baridi ya masika ni danganyifu, na kwamba huenda mafuta ya mkia hayakumkubali, masikini, tumbo lake limezoea nyama kavu.

Baada ya muda mlango uligongwa kidogo. Nosrat alitoka, akaufunga nyuma yake kwa mgongo.

Kiyumars alisimama na kifuniko cha beseni bado mkononi. Uso ulikuwa umempauka.

"Shemeji, kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Mara tatu."

"Yale... yale yalikuwa maneno ya adabu tu."

"Na swali lako kwa kaka yako? Lile nalo lilikuwa nini?"

Kiyumars alitazama kifuniko, akakigeuza, kana kwamba jibu limeandikwa upande wa pili. Nyuma yake jiko refu liliendelea kufuka peke yake, na ukuta uliopakwa chokaa ulikuwa umechorwa doa jeusi lenye umbo la mti uliopigwa na radi.

Waliondoka mapema, barabara isije ikajaa. Mlangoni Kiyumars aliinama. "Mkono wako usiumwe, shemeji, tumekuchosha."

"Na kichwa chako kisiumwe," Nosrat alijibu. "Nyumba ni yenu."

Gari lilipokunja kona, alijifuta kinywa kwa ukingo wa shungi, kwa nguvu, kama aliyetemewa mate humo.

*

Siku zilizofuata Esfandiyar hakuinuka. Tabibu alikuja, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akasema pafu si jani. Likikauka halichipui upya masika. Pumzi ile aliyokuwa nayo kabla ya Kumi na Tatu, ile pumzi finyu waliyokwisha kuizoea kama mtu azoeavyo chumba kidogo, haingerudi.

Nosrat alimkalia kando, akiwa na hasira naye. Alikuwa hajawahi kumkasirikia. Alimwogesha, alimgeuza, alimlisha mchuzi kwa kijiko, hasira ile ikikaa naye bega kwa bega, mpaka alasiri moja ikamponyoka.

"Udi, Esfandiyar? Udi?"

Mumewe alifungua macho. Kona ya mdomo wake ilicheza.

"Ulitaka... niseme nini?"

"Useme kwamba unaungua! Ndugu yako, damu yako, amekuuliza mbele ya watu. Useme!"

Alikusanya pumzi muda mrefu, kama maskini anayekusanya nauli.

"Angeamini vipi? Miaka yote... amekuja hapa... hajauona moshi."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu aelezavyo hali ya hewa, kisha akafumba macho. Na kwa kuwa halikuwa lawama, Nosrat hakuwa na mahali pa kulirudisha. Alikaa nalo. Aliwaza ua uliofagiwa, shati lililopigwa pasi, mrija uliofichwa chini ya mto, vitunguu saumu visivyoulizwa. Aliwaza kichochoro cha nyuma, mahali alipokwenda kuuzungusha moto wake asionekane na mtu isipokuwa Bi Turan. Kwa mikono yake hii miwili, kwa subira aliyosifiwa nayo mtaa mzima, alikuwa amewapakulia ndugu zake chakula kisafi hata hakuna aliyewahi kulengwalengwa na machozi. Aliidhani ile ni ngao. Sasa, akiitazama mikono ile mapajani mwake, hakuwa na hakika tena ilikuwa imemkinga nani.

*

Ijumaa simu iliita. Ilikuwa simu ya mezani, imewekwa karibu na kitanda ili Nosrat asilazimike kutoka chumbani. Esfandiyar alikuwa amelala, kifua kikikwaruza kama msumeno katika ubao mbichi.

"Shemeji wangu," sauti ya Kiyumars ilijaa sikioni. "Salamu. Hujambo? Hamjambo hapo? Hamkuchoka? Mahin anakusalimu, anakubusu mikono. Tuliona aibu, siku ile tulikuchosha."

Nosrat alijibu kila kipande kwa kipande chake, kama mfumaji anayerudisha uzi bila kuutazama. Hatujambo. Tuko chini ya kivuli chenu. Uchovu gani, hatua zenu juu ya macho yetu.

"Nimeona vigae vizuri, nitawaletea vya kile kidimbwi. Na kaka je? Kaka yu hali gani? Hajambo sasa, sivyo?"

Jibu lilikuwapo tayari juu ya ulimi, limeiva, limevaa majivu yake meupe: *Alhamdulillahi, hajambo kabisa, anakukumbuka.* Alifungua kinywa kulitoa. Halafu akakifumba.

"Shemeji?"

Aliuondoa mkono wa simu sikioni, akautazama. Kisha akainama, akauweka juu ya mto, karibu na mdomo wa mumewe, kwa uangalifu ule ule wa kuweka mkate mbele ya mgeni. Akatoka uani, akaliacha dirisha wazi.

Vyombo vya siku ile vilikuwa vimeoshwa zamani, majivu yamezolewa, zulia limekung'utwa. Kikapu kilikuwa juu ya msumari wake, na ndani yake makaa yaliyozimika, ambayo hakuwa na moyo wa kuyamwaga. Lililosalia ni doa la ukutani tu. Asubuhi alikuwa amekoroga chokaa katika ndoo na kununua brashi mpya. Sasa aliichovya, akaikung'uta ukingoni mwa ndoo, akasimama mbele ya ule mti mweusi.

Kutoka dirishani sauti ndogo iliita, kama ya mtu aliye chini ya kisima. "Halo? Shemeji? Bi Nosrat?" Ikaita tena. "Kaka?"

Kisha ikanyamaza.

Nosrat alisubiri ule mlio wa simu iliyokatwa. Alisubiri chokaa ikidondoka kutoka kwenye brashi, tone baada ya tone, juu ya kiatu chake. Mlio haukuja. Kulikuwa na pumzi za Esfandiyar tu, zikienda, zikirudi, zikikwama, zikienda tena. Na mahali fulani mbali, upande wa pili wa waya, mtu mwenye sauti ya kujaza uwanja alikuwa akizisikiliza.

Aliirudisha brashi ndani ya ndoo, ukuta hajaugusa.